Baba Alipoingia Ushirika wa Akina Mama

Mama alifariki katika mwezi ambao ilikuwa zamu ya nyumba yetu kupokea ushirika wa akina mama. Tulimzika magharibi, kwenye shamba la babu, na tuliporudi Nakuru sisi watoto tulikuwa tumesahau kabisa mambo ya zamu. Baba hakuwa amesahau. Jumatatu asubuhi, kofia yake ikiwa bado na vumbi la safari, aliniambia, "Mama, keshokutwa tuna wageni."

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nikamwuliza ni wageni gani.

"Akina mama wa kanisa. Ilikuwa zamu ya nyumba hii."

"Baba, si walikuja juzi kwa matanga? Wataelewa."

"Kwa matanga walikuja kulia. Hii ni zamu."

Nilikuwa nimefunga shule. Mimi ni mwalimu kule Gilgil, na ndugu zangu walikuwa wamekubaliana kwamba nikae na mzee mpaka likizo iishe tukiwaza atakwenda kuishi na nani. Hayo tuliyazungumza jikoni kwa sauti ya chini. Yeye alikuwa ameketi sebuleni, hatua chache tu kutoka tulipokuwa, na nyumba za kaunsili za mtaa wetu wa Bondeni hazina ukuta wa kuzuia siri. Alisikia yote. Alipoomba kabla ya chakula alimwambia Mungu, "Uwape watoto wangu utulivu, maana mimi sihami."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mambo yetu aliyasema kwa Mungu, nasi tukayasikia kando. Nikiwa mtoto, ndivyo nilivyojua kwamba ameona nimekohoa, kwamba amejua hesabu zinanishinda, kwamba hapendi rafiki yangu mmoja wa mtaa wa pili. Aliomba akiwa amesimama, mikono nyuma, na uji ulipoa tukiwa tumefumba macho.

Babu yangu alikuja Nakuru kufanya kazi ya reli, na Baba alizaliwa kwenye landi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli, karibu na stesheni. Alipokua akaajiriwa huko huko. Kazi yake ilikuwa kubadilisha njia za reli ili treni iingie upande unaofaa. Kwa miaka kadhaa ya utoto wangu alihamishiwa Longonot, stesheni ndogo chini ya mlima, ambako alipewa chumba kimoja kisichotosha familia. Mama akabaki nasi Bondeni. Kila Ijumaa Baba alirudi kwa treni ya mizigo, ameketi na gadi, msimamizi wa treni, kwenye behewa la mwisho, na gunia la kabichi miguuni. Wenzake wengine walipohamishwa mbali walipata nyumba nyingine na mwanamke mwingine wa kuwapikia. Baba alipata kabichi.

Jumamosi alasiri alipanga viatu vyetu vyote barazani, kuanzia vidogo, akavipaka rangi mpaka vikang'aa. Mwishoni aliweka vya Mama. Majirani wanaume walimcheka, naye akaendelea kusugua. Jumapili tuliketi benchi moja daima, yeye upande wa njia, Mama upande wa ukuta, na sisi katikati kama mizigo iliyofungwa vizuri. Hakuonja pombe. Hakuwahi kumpiga yeyote kati yetu, jambo ambalo mtaani kwetu lilihesabiwa kama ugonjwa.

Lakini hakuwa mtu wa kuuliza. Unaweza kurudi nyumbani na macho mekundu ya kulia, akakutazama sana, kisha akaenda kuliombea.

Sasa turudi kwa Jumatano. Tangu nianze kukumbuka, siku hiyo saa nane mchana Baba alichukua kofia yake akatoka, awe kazini au awe amestaafu, kama ushirika ulikuwa kwetu. Alikwenda kukaa na wazee wenzake kwenye benchi la stesheni mpaka akina mama wamalize. Sisi watoto pia tulifukuzwa. Tulikaa nje chini ya kamba za nguo tukisikia wimbo, halafu sauti moja ikisoma, halafu kimya, halafu kicheko kikubwa cha wanawake wengi kwa pamoja. Nilijiuliza miaka yote ni kitabu gani cha Biblia kinachochekesha namna hiyo. Nilipokua nikaenda chuo, nikaolewa, nikahamia Gilgil, na sikupata jibu.

Jumatano hiyo ya kwanza bila Mama, Baba alinikataza kupika chai. "Mwenye nyumba ndiye anapika," alisema, akaingia jikoni, mahali ambapo nilikuwa nimemwona akinywa maji tu. Aliwasha jiko la gesi kwa uangalifu kama anayefungulia treni njia. Kisha akamwaga maziwa yote kwenye sufuria na kurusha majani ya chai juu ya maziwa baridi. Jirani yetu anayeuza mboga za sukuma wiki mlangoni pake aliyaona hayo kupitia dirisha, akashindwa kuvumilia.

"Mzee, maji kwanza! Yachemke. Halafu maziwa."

"Nimwage haya?"

"Usimwage, ngoja nije."

Alimfundisha akiwa amesimama mlangoni, na Baba alifuata kila neno bila kubisha. Chai ile ilikuwa na ladha ya moshi. Sijui ilitoka wapi, maana gesi haina moshi.

Akina mama walifika wakiwa na vitambaa vyao vya bluu kichwani. Mwenyekiti wao alikuwa mwanamke mrefu, nesi mstaafu, mwenye sauti iliyozoea wodi. Aliingia, akasalimia, kisha akamtazama Baba kama anayemsubiri achukue kofia. Baba alikuwa ameitundika kwenye msumari. Akavuta kigoda, akaketi karibu na mlango.

"Shemeji," mwenyekiti akasema kwa upole, "unaweza kwenda kupumzika. Tutakuwa sawa."

"Nimepumzika, shemeji. Endeleeni."

Wakaimba. Sauti yake nzito ilikaa chini ya sauti zao kama gogo chini ya maji. Wakasoma, wakaomba, wakanywa chai mpaka ikaisha, Mungu awabariki. Walipokuwa wakikusanya mikoba, Baba akauliza, "Wiki ijayo ni kwa nani?"

Wakatazamana. Mama mmoja anayeuza mitumba ya watoto akasema, "Ni kwangu, mzee."

"Nitakuja," akasema Baba.

Na akaenda. Akaenda na iliyofuata. Shule zilipofunguliwa nilianza kusafiri kutoka Bondeni kwenda Gilgil kila siku, mume wangu akiwa amekubali nibaki na mzee, kwa sababu suala la mzee kuhama lilikuwa limekufa lenyewe, na kila Jumatano jioni nilimkuta ameketi na uso ambao sikuufahamu, kama mtu aliyesomewa hadithi ikakatwa katikati.

"Mlifanya nini leo?" nikamwuliza.

"Tuliomba."

"Na baadaye?"

"Tukanywa chai."

Habari zilimfikia kaka yangu mkubwa huko Salgaa, ambako ana hoteli ndogo ya kulisha madereva wa malori. Alinipigia simu huku nikisikia sahani zikigongana nyuma yake.

"Ati mzee anaenda mikutano ya wamama?"

"Anaenda."

"Anatafuta bibi huyo. Mama hata hajamaliza mwaka."

"Sidhani."

"Sasa anatafuta nini huko? Wewe uko hapo na hujui?"

Sikujua, na kutojua huko kulikuwa kumeanza kuniwasha zaidi yake. Mchungaji naye hakujua. Ni kijana, aliyeletwa kwetu karibuni, na alikuja kumwona Baba akiwa amejiandaa. Alisifu chai kwanza, ambayo kwa kweli ilikuwa imeanza kunyweka. Kisha akasema kwamba kuna ushirika mzuri wa wazee wa kiume Jumamosi asubuhi, na kwamba wao wangefurahi kuwa na mtu wa hekima kama yeye.

"Nawajua," akasema Baba. "Ni watu wazuri. Lakini hawajui."

"Hawajui nini, mzee?"

Baba akamwongezea chai. "Pasta, kuna sheria ya kanisa inayonikataza?"

Mchungaji akafikiri kwa uaminifu. "Sheria hapana. Ni vile tu haijawahi kutokea."

"Basi niombee," akasema Baba, na mchungaji akamwombea, kwa sababu hakuna kingine ambacho angeweza kufanya.

Likizo iliyofuata, ushirika ulikuwa nyumbani kwa mama mmoja anayeishi mlimani, upande wa juu wa mji, na magoti ya Baba yalikuwa yanamsumbua. Nikasema nitampeleka. Alisita, halafu akakubali, na tulipofika mwenyekiti akanivuta ndani. "Keti, binti yetu. Leo huketi chini ya kamba za nguo."

Waliimba na kusoma kama ilivyo kawaida. Kisha Biblia zikafungwa, vikombe vikazunguka, na Baba akajisogeza mbele kwenye kiti. Akasema, kama mtu aliyekwisha kulisema mara nyingi, "Haya. Leo nani ana lake?"

Mama wa mitumba akainua mkono. "Mimi nina la Longonot."

"Longonot?" Baba akashtuka.

"Safari ya ushirika. Tulienda wote kwa basi, si unakumbuka alikuaga?"

"Nakumbuka. Mama wa watoto alibaki chini akiangalia mikoba. Alisema mlima ni wa vijana."

Wanawake wakaangua kicheko, kicheko kile kile.

"Alibaki chini nani?" akasema mama wa mitumba. "Alikuwa mbele ya wote! Alivua viatu, akavishika mkononi, akapanda kama mbuzi. Mimi ndiye nilibaki na mikoba. Alirudi chini na matope mpaka magotini, akaniambia, 'Ukimwambia mzee nitakukana.'"

"Viatu gani?" akauliza Baba.

"Vile vyeusi vya kanisa."

"Nilishangaa," akasema Baba polepole. "Jumamosi ile nilishangaa vile vilikuwa safi." Kisha akauliza, "Alisema nini huko juu?"

Mwingine, aliyekuwa amepanda naye, ndiye aliyejibu. "Alitazama chini upande wa reli. Akauliza stesheni ni ipi, tukamwonyesha. Akasema, 'Kumbe hapa ndipo alikuwa. Ni mbali na watu.' Akakaa kwenye jiwe akatazama tu. Tukamwacha."

Baba alikaa chini ya mlima huo miaka ile yote, na hakuwahi kuupanda. Alicheka, akafuta macho kwa kitambaa, akacheka tena. Nami ndipo nikafahamu alichokuwa akikifuata nyumba kwa nyumba. Kwa miaka zaidi ya hamsini alikuwa amewaachia wanawake hawa mke wake alasiri moja ya kila wiki, na alikuja kuuliza alikuwa nani alasiri hizo.

Walimsimulia jinsi Mama alivyoigiza wahubiri. Walimsimulia jinsi alivyomwigiza yeye, namna anavyokohoa mara mbili kabla ya kusema "Baba wa mbinguni", na mwenyekiti akaiga uigizaji wa Mama, na ilikuwa sahihi mno hata mimi nikajisahau nikacheka. Nilimtazama Baba kwa hofu. Alikuwa anacheka kuliko wote.

Pembeni aliketi bibi mmoja mzee kuliko Baba, ambaye hakuwa amesema kitu. Aliweka kikombe chini. "Shemeji, haya ni ya kuchekesha. Wewe umeuliza yote, ama umeuliza matamu peke yake?"

Mwenyekiti akasema, "Mama, pole pole."

"Nimeuliza yote," akasema Baba.

"Basi. Wakati reli iliwarudisha nyumbani, ulipostaafu, alikuja kwenye ushirika akalia. Alisema, 'Nilizoea mume wa Ijumaa. Sasa nina mume wa kila siku na haongei na mimi. Anaongea na Mungu juu yangu, na mimi nimeketi hapo hapo.' Alitaka kurudi magharibi akae na dada yake. Alikuwa ameshapanga nguo. Alituomba tumwombee asichukie maombi yako."

Baba alikuwa anatazama mikono yake.

"Alisema hivyo?"

"Alisema."

"Na hakwenda."

"Hakwenda."

"Kwa nini?"

"Hilo hakutuambia," akasema yule bibi. "Jumatano iliyofuata alikuja akaimba kama kawaida. Tuliogopa kumwuliza."

Baba aliwashukuru. Aliwaomba wafunge kwa wimbo, na mwenyewe hakuimba. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Tulitembea kuteremka kwa sababu alikataa tupande gari. Ziwa lilionekana chini, limejaa, maji yakiwa yamemeza miti ya pembeni. Alisimama mara kwa mara kana kwamba ni kwa ajili ya magoti.

"Nilidhani anasikia," akasema mwishowe.

"Anasikia nini, Baba?"

"Nikiomba. Nilidhani anasikia vile nampenda. Nilisema kila siku."

Tukatembea kidogo tena.

"Na wewe?" akaniuliza. "Wewe ulisikia?"

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu, na sikumbuki kama aliwahi kuniuliza swali lolote kabla ya hilo, zaidi ya kama nimekula au kama mlango umefungwa. Nikajibu kweli. "Nilisikia. Lakini ningefurahi kuambiwa mimi."

Akatikisa kichwa kwa kukubali. Hakuomba msamaha na hakulia. Alinishika mkono, na tukashuka hivyo mpaka barabara kubwa, watu wakitupisha.

Jumatano iliyofuata alikwenda tena. Mimi nilidhani hangeweza. Na sisi tukaanza kuulizwa. Hakuwa na ustadi wowote. Maswali yake yalikuja kama mawe yanayoanguka kutoka kwenye mfuko uliotoboka. Dada yangu wa Kisumu aliulizwa kwenye simu kama mume wake humchekesha. Mjukuu wake aliulizwa Mungu anafanana na nani. Kisha kaka yangu akanipigia kutoka Salgaa, safari hii sauti yake ikiwa chini.

"Mzee ni mgonjwa?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Amenipigia ati ananiuliza naogopa nini."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia naogopa malori yakishuka hiyo barabara yakiwa yamekosa breki. Halafu akaniuliza, 'Na kingine?'"

"Ukasema nini?"

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake. "Nikamwambia kingine."

"Gani?"

"Hiyo si yako," akasema kaka yangu, akakata simu.

Mwezi huo Baba alikwenda kukaa naye Salgaa wiki nzima. Kaka yangu anasema mzee aliketi karibu na kaunta kutoka asubuhi, kofia magotini, akiwauliza madereva wametoka wapi, watoto wao wanawaitaje wanaporudi, na kama barabarani huwa wanaomba au wanaimba. Wengine walidhani ni askari aliyevaa kiraia. Wengine walianza kusimama hapo makusudi wakielekea mpakani Malaba.

Swali lake kubwa halikupata jibu. Alituuliza sisi sote, mmoja mmoja, kwa nini tunadhani Mama hakwenda. Dada yangu alisema ni kwa sababu yetu. Kaka yangu alisema Mama alikuwa anajua mzee hawezi kupika. Mimi nilisema labda alitaka kuona kama maombi ya wenzake yatafanya kazi. Baba aliyasikiliza yote kwa makini, akayapima, na kila baada ya wiki chache alikuja na wazo lingine jipya. "Unajua, mama," aliniambia asubuhi moja, "pengine hata yeye mwenyewe hakujua." Wazo hilo lilimfurahisha siku nyingi.

Magoti yalipokataa kabisa, akina mama walihamishia mikutano mingi nyumbani kwetu ili asikose. Aliishi miaka michache hivyo. Alifariki Jumapili alasiri, baada ya kanisa, kwenye kiti chake, bila kuugua. Hata jumla ya miaka yake hatukuwa na hakika nayo, kwa sababu babu aliandikisha watoto wake wote siku moja, lakini alikuwa amepita themanini kwa mbali.

Tulimzika magharibi kando ya Mama. Ushirika ulikodi basi. Walizungumza wazee wa kanisa, wakazungumza wenzake wa reli waliobaki, na wote walisema yale tuliyoyajua, na yalikuwa ya kweli. Kisha mwenyekiti akapewa nafasi. Alisema kwamba ushirika haukumpa shemeji yao hadithi za bure; kwa kila moja waliyomsimulia, naye alilazimika kuwasimulia moja. "Kwa hiyo," akasema, "sisi tuna zake nyingi. Hata ile ya kuku tunayo."

Sisi watoto tulitazamana. Kaka yangu, mtu mzima mwenye mvi, akauliza kwa sauti kutoka mstari wa mbele, "Kuku gani?" na hema lote likacheka.

Mazishi yalipokwisha na watu wakawa wanakula, tulimfuata mwenyekiti na viti vyetu tukamzunguka. Alitaka kwanza amalize kula. Tukamsubiri. Kisha akatuambia.

Baba alikuwa kijana, akirudi kazini kutoka likizo. Msichana mmoja alipanda treni na kuku chini ya leso aliyojifunga, akimpelekea shangazi yake Nakuru, na gadi akasema kuku ni mzigo, aende behewa la mizigo. Msichana akakataa. Alisema kuku huyo ni mwoga, atakufa kwa hofu akiachwa peke yake gizani. Wakabishana mpaka treni ikachelewa. Ndipo kijana mmoja mwembamba ambaye hakuna aliyemjua aliposimama, akamwambia msichana, "Nipe mimi. Nitakaa naye." Akaingia behewa la mizigo na kuku mapajani, akasafiri naye huko kati ya magunia mpaka Nakuru.

"Na kuku akafika?" dada yangu akauliza.

"Alifika mzima," akasema mwenyekiti. "Baba yenu ndiye alishuka amejaa manyoya. Alituambia mama yenu alimpangusa bega zima kabla ya kukumbuka kwamba hamjui."